Anti, mdogo wangu kakatwa vidole viwili akiwa mahabusu na sasa wanataka asaini karatasi

Shikamoo Anti.

Naomba jina langu lisitokee. Mi ndo mkubwa kwetu, tumezaliwa wanne, na huyu ninayeandika habari zake ni kitindamimba wetu, ana miaka 26, ana kisukari tangu akiwa na miaka 11, ile ya kuchoma sindano sio ya vidonge. Miaka yote hiyo hajawahi kulazwa hata mara moja, anajijua, anajipima mwenyewe, anajichoma mwenyewe.

Alikamatwa kwa kesi ya mali za kazini kwao, sitaki kuingia ndani sana, hajahukumiwa, kesi inatajwa tu na kuahirishwa na dhamana alinyimwa. Siku anakamatwa alikuwa na kibegi chake chenye sindano na kile kimashine cha kupimia sukari, wakachukua pamoja na vitu vingine vyote. Siku ya nne ndo nikaruhusiwa kufika, nikapeleka peni mbili za insulini kwenye kifuko cha barafu na barua ya daktari wake inayosema huyu mtu asipochomwa kila siku atakufa, yaani imeandikwa hivohivo. Askari wa getini akaandika kwenye daftari lao kubwa, jina lake, jina langu, vitu nilivyoleta, tarehe, nikasaini nikaondoka moyo umetulia kidogo. Kumbe.

Siku ya tisa naenda kumwona nakuta midomo imekauka, macho yameingia ndani, ananiambia tangu nilete zile peni amechomwa mara tatu tu. Zimefungiwa ofisini, mwenye funguo asipokuwepo hakuna sindano, na usiku ndo usiseme, ukigonga mlango unaambiwa tulia huko. Viatu vyake walichukua wakampa vya plastiki vigumu, vidogo kwake, vikamchuna kidole gumba cha mguu wa kulia na kile cha pembeni. Nikaandika barua kwa mkuu wa pale, nikaiacha mapokezi, sikujibiwa.

Wiki ya tano akavua kiatu chini ya meza ili nione. Anti, kidole kilikuwa cheusi kama mkaa na harufu ilinifikia pale nilipokaa. Nikamuuliza kinauma sana? Akasema hakiumi kabisa dada, na akacheka. Hapo ndo nikaogopa kuliko angesema kinauma. Nikamfuata mkubwa wa zamu, akasema nesi kashamwona anampa dawa ya maumivu, daktari anakuja Alhamisi. Alhamisi mbili zikapita daktari hayupo. Askari mwingine akaniambia kwa dharau, vijana wote humu wanaugua tarehe ya mahakama ikikaribia.

Mwishoni mwa wiki ya sita akaanguka. Simu hatukupigiwa na wao, tulipigiwa na ndugu wa mtu anayelala naye selo moja. Hospitali wakakata vidole viwili, na muda wote alikuwa na pingu mguu ule mzima kwenye chuma cha kitanda. Sasa wamemrudisha kulekule, hii ni wiki ya pili, bandeji inabadilishwa siku nesi akijisikia.

Ijumaa iliyopita kaletewa karatasi imechapwa, inasema alipata matibabu stahiki kwa wakati na hana malalamiko yoyote, eti asaini ili faili lifungwe, kapewa mpaka Ijumaa hii. Akaniambia dada nisaini tu yaishe? Mama anasema asaini, akikataa watamfanyia visa mule ndani na sisi hatupo kumlinda. Binamu yetu anasema mfungwa hana haki, ukishaingia ndani umekwisha. Rafiki yangu naye anasema tufungue kesi tutalipwa hela nyingi tusahau shida. Mi sijui nimsikilize nani. Je ana haki yoyote kweli? Na mimi kama dada naweza kushtaki? Nisaidie Anti, Ijumaa sio mbali.

Dada Mkubwa

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, utaona kwa nini.

Karatasi kwanza maana ina tarehe. Asisaini. Matibabu ya mtu hayategemei saini yake ya kuridhika. Kuna fomu ya kukubali upasuaji, hiyo ni kitu kingine kabisa na ina maana yake, ila karatasi inayokuja baada ya vidole kukatwa ikisema kila kitu kilikuwa sawa, hiyo haimtibu yeye, inamtibu mtu mwingine. Aseme kwa adabu tu, naomba nakala nimwonyeshe wakili wangu kwanza. Wakimbana mpaka hana pa kutokea, aandike kwa mkono wake palepale juu ya saini, "sikubaliani na maelezo haya, sikuchomwa insulini kila siku", na tarehe. Na kama ukifika utakuta kashasaini, usipige kelele wala usimgombeze, mtu aliyefungiwa akisaini mbele ya waliomfungia mahakama inaweza kuuliza alisaini katika hali gani, ila itabidi muandike mara moja alivyoletewa hiyo karatasi, nani alileta, alimwambia nini.

Pili, na hili nakuomba uliweke mbele ya mambo yote ya kushtaki, mdogo wako bado yupo hatarini leo. Nyie mnaongelea vidole vilivyoondoka wakati mguu bado upo na unaweza kuondoka pia. Kisukari cha sindano mtu akikosa insulini haichukui wiki, siku mbili tatu tu damu inageuka sumu, anaanza kiu isiyoisha, kukojoa sana, kutapika, kuhema kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mfundishe yeye na mfundishe huyo mwenzake wa selo hizo dalili, maana inaonekana ndo mwenye akili kuliko wote mule. Na lile la "hakiumi" ulikuwa sahihi kuogopa, sukari ikikaa juu inaua mishipa ya fahamu ya miguu, kidonda kinaoza mwenyewe hasikii, ndo maana miguu ya mtu wa kisukari inakaguliwa kwa macho, haisubiri mtu aseme aa. Nesi anayetoa dawa ya maumivu kwa kidonda kisichouma, hebu niambie alikuwa anatibu nini.

Sasa wa kumpelekea hili haraka ni nani? Hakimu. Watu husahau kabisa kwamba mahabusu yupo ndani kwa amri ya mahakama, kwa hiyo mahakama iliyomweka inaweza kuulizwa hali yake. Tarehe ya kutajwa ikifika asikae kimya akisubiri kuahirishwa, anyanyuke aseme mheshimiwa nina kisukari, sipati insulini kila siku, nimekatwa vidole viwili, kidonda hakisafishwi, naomba iandikwe kwenye jalada na naomba amri nitibiwe. Hayo maneno "naomba iandikwe" asiyasahau. Hakimu anaweza kuamuru apelekwe hospitali, anaweza kuomba ripoti ya daktari, na hapohapo wakili anaweza kurudisha ombi la dhamana kwa sababu hali imebadilika, alivyonyimwa mara ya kwanza alikuwa na vidole kumi. Kama tarehe ipo mbali msisubiri, wakili apeleke ombi la dharura na hati ya kiapo yako wewe uliyeona, na barua ya yule daktari wake wa siku zote iambatanishwe. Hela ya wakili hamna? Ulizia ofisi za msaada wa kisheria, chama cha mawakili, vitivo vya sheria vya vyuo vikuu vyenye kliniki, na tume ya haki za binadamu kama nchi yako inayo. Wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani wanawajua hata wenye funguo kwa majina.

Haya, turudi kwa binamu yako, maana kauli yake naisikia kila mwezi. Mfungwa hana haki. Mwambie hivi, anachonyang'anywa mtu kwa kufungwa ni uhuru wa kutoka, vidole havimo kwenye hukumu. Na wenu hajahukumiwa hata. Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za jinsi ya kuwatunza wafungwa, zilipitishwa upya Desemba 2015 zikapewa jina la Nelson Mandela ambaye alikaa ndani miaka 27, zinaitwa Kanuni za Mandela. Ya 24 inasema afya ya mfungwa ni jukumu la serikali, kiwango kiwe kilekile anachopata mtu wa nje, na bure. Ya 27 inasema dharura ishughulikiwe haraka, na uamuzi wa kitabibu ni wa mtu wa afya, askari au mkuu wa gereza hana ruhusa ya kuupindua wala kuupuuza. Sasa soma tena barua yako, sindano za mtu aliyeandikiwa na daktari zinategemea mwenye funguo yupo au hayupo, yaani daktari wake kageuka kufuli.

Na kwa mahabusu kuna ya 118, hii wengi hawaijui, mtu ambaye kesi yake haijaisha anaruhusiwa kutembelewa na kutibiwa na daktari wake mwenyewe kama kuna sababu ya msingi na gharama anaweza kulipa. Muombeni rasmi, kwa maandishi, yule daktari aliyeandika barua aruhusiwe kuingia kumwona. Wakikubali mnapata matibabu na mnapata shahidi. Wakikataa, waandike wamekataa.

Wapo watakaokwambia kanuni hizo si sheria, ni maneno ya mikutano. Ni kweli zenyewe sio mkataba wa kusainiwa, ila nyuma yake kuna mkataba, ule wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 10 kinasema kila aliyenyimwa uhuru atendewe kiutu, na nchi nyingi sana zimeuridhia. Halafu katiba zenyewe zinaongea. Ya Afrika Kusini kifungu cha 35 inataja matibabu kwa gharama ya serikali kwa kila aliyefungwa na haki ya kutembelewa na daktari anayemchagua. Ya Kenya ya 2010 kifungu cha 51 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kufungwa kwenyewe kunazifanya zisiwezekane. Kuchomwa insulini sijui kunashindikana vipi kwa sababu ya ukuta. Angalia na ya kwenu inasemaje, wakili atakuonyesha kifungu.

Sasa ile kalamu niliyokwambia. Mara ya pili nasoma nilizungushia sehemu moja tu, daftari la getini. Mwanangu, hilo daftari ndo kesi yako. Nakueleza kwa nini.

Kesi za matibabu ya gerezani zina njia mbili na watu wanazichanganya. Moja ni uzembe wa kawaida wa kitabibu, kama ambavyo ungeishtaki hospitali yoyote, walipaswa kukutunza, hawakukutunza inavyotakiwa, ukaumia kwa sababu hiyo. Nyingine ni ukiukaji wa haki, hapo kukosea tu hakutoshi, unatakiwa uonyeshe walijua na wakaacha. Marekani ndo kesi hizi zimepigwa sana. Mwaka 1976 mahakama yao ya juu ilisema kupuuza kwa makusudi shida kubwa ya afya ya mfungwa ni adhabu ya kikatili na inavunja katiba. Mfungwa mwenyewe aliitwa Gamble, wa jela za Texas, robota la pamba lilimwangukia akiwa kazini, akaumia mgongo. Sheria inayowasaidia wafungwa wa kule mpaka leo ilitoka kwenye kesi yake lakini yeye madai yake dhidi ya daktari yalikwama! Sababu, rekodi zilionyesha alionwa na watu wa afya mara 17 ndani ya miezi mitatu. Alilalamika hakupigwa eksirei, wakasema hilo ni suala la uamuzi wa daktari, aende akadai uzembe huko mahakama nyingine. Mwaka 1994 wakaongeza tena, kwamba ofisa awe alijua hatari ipo na akaipuuza, sio kwamba alipaswa kujua.

Kwa hiyo mtu akibishana tu na dawa aliyopewa, alitaka hii akapewa ile, hapo hana kesi kubwa ya haki, na haki ya kuchagua daktari umpendaye akulipie serikali haipo. Niseme ukweli hata kwa wengine wanaoniandikia, nusu ya malalamiko ninayopata ni ya aina hiyo. Ya mdogo wako sio hiyo. Yeye dawa ilikuwepo, ndani ya jengo, imeletwa na dada yake, na barua inayosema asipochomwa atakufa imepokelewa siku ya nne na askari akaandika kwa mkono wake. Hawawezi kusema hatukujua. Wanachoweza kufanya ni daftari kupotea, ndo maana nataka wakili aandike barua wiki hii, sio wiki ijayo, ya kutaka daftari la getini, kitabu cha zahanati, orodha ya ugawaji dawa na kumbukumbu za zamu zitunzwe zisiharibiwe. Barua hiyo ikishapokelewa na muhuri, daftari likipotea baada ya hapo linawasumbua wao.

Na wewe kaa chini leo uandike. Usiandike kwa hasira, andika kama karani, tarehe, saa, nani, alisema nini, kidole kilikuwa na rangi gani, mkubwa wa zamu alisema Alhamisi ipi. Ile barua uliyoacha mapokezi kwa mkuu, nakala unayo? Kama huna, iandike upya unavyoikumbuka na useme wazi kwamba ni kumbukumbu, usijifanye ndo yenyewe, wakili wa upande wa pili akikukamata na uongo mdogo atakutupia na ukweli wote. Kuanzia sasa kila kitu nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Hospitali iliyomkata vidole nayo ina faili, na huenda ndani daktari kaandika sukari aliyofika nayo na kidonda kilikuwa cha muda gani, mtu ambaye hana sababu ya kumtetea wala kumuonea askari.

Ila faili hilo hawatakupa wewe. Na hapa najibu swali lako kama unaweza kushtaki. Mdogo wako ana miaka 26, yupo hai, akili timamu, mwenye kesi ni yeye. Siri za ugonjwa wake ni zake, hata kama wewe ndo ulimfundisha kujichoma. Aandike idhini yenye jina lako na jina la wakili mruhusiwe kuona na kuchukua nakala za faili lake, Kanuni za Mandela, ya 26, inampa mfungwa haki ya kuona faili lake na kumteua mtu mwingine alione. Wewe ni shahidi, na shahidi mzuri sana. Kuna nchi, Kenya ikiwemo, katiba inaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, hiyo itumike kama wamemzuia kuonana na wakili. Lakini la muhimu zaidi ni kwamba umuulize yeye anataka nini, umuulize vizuri, pasipo mama wala binamu. Aliposema nisaini tu yaishe alikuwa anaongea mtu aliyechoka, mpe taarifa hizi kwanza halafu umsikilize tena.

Kabla ya mahakama ya fidia kuna kitu kingine kinaua kesi nyingi kimyakimya. Malalamiko ya ndani. Sehemu nyingi utaulizwa, je ulilalamika huko huko kwanza? Marekani tangu 1996 sheria yao inamtaka mfungwa amalize ngazi zote za malalamiko ya gerezani ndo aende mahakama ya shirikisho, akiruka fomu moja au kuchelewa siku zilizowekwa kesi inaweza kutupwa hata kama mguu hana. Nchi nyingine ukitaka kuishtaki serikali lazima utoe notisi kwanza na usubiri siku kadhaa, na kuna ukomo wa muda ambao kwa serikali mara nyingine ni mfupi kuliko kumshtaki mtu wa kawaida. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe ukomo ni lini, notisi ni siku ngapi, vidole vilikatwa tarehe fulani. Hilo kabla hata ya kumweleza habari nzima. Na malalamiko ya ndani yaandikwe hata kama mnajua yatatupwa kapuni, mnayaandika ili yawepo. Akiwa hawezi kuandika wala wakili hapati nafasi, ndugu anaruhusiwa kulalamika kwa niaba, hiyo ipo kwenye zilezile Kanuni za Mandela, ya 56.

Mkiambiwa zahanati ile inaendeshwa na kampuni sio gereza, msirudi nyumbani, kampuni ni ya kuongeza kwenye orodha ya washtakiwa, serikali haitoki. Na nesi na huyo daktari wa Alhamisi wana baraza lao la taaluma, kuvaa sare ya magereza hakumpunguzii mtu kiapo. Hilo ni lalamiko la pembeni, halina hela, ila lina meno.

Mama yako simdharau hata kidogo, hofu yake ina msingi na mtu anayekwambia kulipiziwa hakupo hajawahi kulala mule. Kwenye karatasi imekatazwa kumwadhibu mfungwa kwa kulalamika, ila karatasi hailali naye selo. Nilichojifunza mimi kwa miaka ya kuingia huko kama msaidizi wa kisheria ni kwamba anayefanyiwa visa zaidi ni yule ambaye hakuna anayemuulizia. Mtu ambaye hakimu ameandika jina lake, wakili anakuja, tume imetuma barua, daktari wa nje anatarajiwa Jumanne, huyo kila askari anaomba asianguke kwenye zamu yake. Kwa hiyo nendeni kumwona kila siku ya kutembelea, mpokezane, kila anayeenda aulize umechomwa leo? jana? bandeji lini? na aandike. Akihamishwa selo ghafla, akinyimwa kutembelewa, akianza kupewa adhabu ndogondogo, tarehe iandikwe na wakili aambiwe siku hiyohiyo, hilo nalo ni dai linalojitegemea.

Rafiki yako wa hela nyingi nimemwacha mwisho makusudi. Kuna kesi ya Afrika Kusini, bwana Dudley Lee, alikaa mahabusu gereza la Pollsmoor, Cape Town, kuanzia 1999, akapata kifua kikuu humohumo, 2004 akaachiwa huru, hakuwa na hatia. Gereza lilijua kifua kikuu kipo, lilikuwa na taratibu za kuchuja wagonjwa na kuwatenga, halikuzifuata. Serikali ikajitetea kwamba hawezi kuthibitisha ni nani hasa aliyemwambukiza. Mahakama ya Katiba ikamkubalia Lee, kwamba haiwezekani umfungie mtu chumba kimoja na wagonjwa halafu umdai akutajie kikohozi kipi. Ni ushindi mkubwa na majaji wenyewe waligawanyika. Lakini angalia mwaka, 2012. Miaka minane tangu atoke. Kubalini kuanza kama mnaweza kusubiri, na kama wakili anawaahidi kiasi fulani siku ya kwanza tafuteni mwingine.

Kwenu chanzo cha madhara kinaonekana vizuri kidogo kuliko cha Lee, ila watakuja na lao, watasema kisukari kinakata watu vidole hata wakiwa nyumbani kwao. Jibu la hilo lipo kwa daktari wake wa zamani, miaka 15 ya kliniki bila kulazwa, vipimo vya sukari vya nyuma, miguu ilikaguliwa lini mara ya mwisho na ilikuwa nzima. Kaombe hizo rekodi mapema, huko hazina mlinzi.

Kwa Ijumaa basi, nenda Alhamisi kama ni siku ya kutembelea, umwambie kuhusu karatasi, umpe yale maneno ya kuandika ayashike kichwani. Na umeniambia viatu vya plastiki vilimchuna, hukuniambia vipo wapi. Kama hospitali walikupa vitu vyake kwenye mfuko navyo vimo, usivioshe hata kama vinanuka, vipige picha ukiweka rula pembeni, pima na kiatu chake cha zamani, halafu funga kwenye karatasi, sio nailoni, uandike tarehe uliyokabidhiwa na jina la aliyekupa.